Babu Halfan na Nyumba ya Oili Chafu

Ukiingia nyumbani kwa Babu Halfan, pale Makambako, hupokewi na Babu. Unapokewa na harufu. Inakufikia hata salamu hujamaliza. Ni harufu ya gereji, oili iliyoungua ndani ya injini ya lori mpaka ikawa nyeusi, ikamwagwa kwenye dramu, ikakaa humo na vumbi na maji ya mvua na mende waliozama. Sasa ichukue harufu hiyo uitie chumbani, uifungie madirisha kwa sababu ya upepo wa Makambako, uiache humo miaka mingi kuliko umri wa mama yangu. Humo ndimo Bibi Esha alimolala tangu aolewe, mpaka mwaka jana alipoinuka akasema basi.

Babu ni baba yake mama. Alifika Makambako kijana kabisa akitokea Kondoa, utingo wa lori la mizigo. Lori likafia njia panda, tajiri wake akamwambia alilinde, mwenyewe akaondoka na hakurudi upesi. Babu akalilinda huku akilifungua na kulifunga ili asichoke kukaa. Tajiri aliporudi akakuta lori linawaka na utingo wake amekuwa fundi. Basi Makambako ikamshika hivyo. Akafungua gereji barabara ya Songea, akaoa, akajenga. Vyumba vya mbele vya tofali za kuchoma, vya nyuma vya mbao, maana huku kwetu mbao ni kitu cha kukanyaga njiani. Madereva wa zamani bado wanamsifu. Wanasema Halfan akikuambia kifaa ni kipya, ni kipya, na akikuambia hili lori lisishuke mlima, usishuke nalo.

Ila alikuwa na ugonjwa wake mmoja, mchwa. Hakuwa nao, aliwaogopa tu. Mtu mwingine anaogopa nyoka, Babu anaogopa mchwa. Kila mwaka mvua zikikaribia alifunga gereji, akabeba madumu ya oili chafu, akapanda ngazi na brashi lake, akapaka. Alipaka kuta za mbao. Alipaka kenchi, yaani zile mbao za juu zinazobeba bati. Alipaka fremu za milango na miguu ya kitanda. Makambako nzima wanapaka oili chafu kwenye uzio wa mabanzi, hilo si ajabu. Ajabu ni kuipaka juu ya kichwa cha mkeo.

Mwaka jana Bibi alikuja kwetu Njombe kutibiwa magoti. Magoti yakapona, akakataa kurudi. Nilikuwa nimekaa naye siku aliyompigia Babu simu.

"Halfan, mimi wewe nakutaka," alisema. "Ile nyumba ndiyo siitaki. Nimelala ndani ya injini miaka yote hii, kanga zangu zinanuka, chakula changu kinanuka, wageni wakinikumbatia wanajifuta. Nitafutie hata kichumba hapa Njombe, nitakupikia mpaka nife. Huko sirudi."

Babu alinuna. Baada ya muda akaanza kupiga simu kila jioni kuuliza kama magoti yamerudi kuuma, nadhani alikuwa anaomba yaume kidogo ili apate cha kuongea. Mwishowe akasema sawa, auze nyumba, anunue kijumba Njombe karibu na kwetu wakae wote wawili. Mama akamwambia si lazima anunue, aje tu akae kwetu, kuna chumba cha nyuma. Babu akakataa katakata. Mzee mzima akalale kwa mkwe wake, wapishane asubuhi mlango wa bafu kila mmoja na taulo lake? Akasema bora alale garini. Kwa hiyo mambo yote yalikuwa kwenye ile nyumba. Ikiuzwa, Babu anampata mkewe. Isipouzwa, kila mmoja na baridi yake.

Na mnunuzi alipatikana. Dada mmoja anaitwa Yunis, muuguzi, mtu wa Ludewa kule ziwani, kahamishiwa Makambako na watoto wake watatu. Alikuwa ananunua kwa mkopo wa benki, na benki haitoi mkopo wa nyumba isiyo na bima ya moto. Zamani, wanavyosema, bima ilikuwa picha ya mlango wa mbele na saini. Siku hizi nyumba za mbao zimeungua nyingi, kampuni za bima zimekuwa kali, zinaleta mtu anakagua mpaka chini ya kitanda.

Ndiyo maana tulipofunga shule mwezi wa sita mama alinichukua tukaenda Makambako kuiandaa nyumba. Nilikuwa na hamu. Nilitaka kuona mtu wa bima anakagua nini hasa.

Tukaanza na kuta za chumba cha nyuma. Nikalowesha kitambaa kwenye maji ya moto na sabuni ya unga, nikakipitisha ukutani. Kitambaa kikabaki huko huko. Nilipokivuta kilikuja na utando mweusi unaonyumbuka, na ndani ya utando mlikuwa na nywele. Za nani, sijui. Mlikuwa na mbawa za kumbikumbi, vumbi jekundu, nyuzi za blanketi, na mjusi mmoja mkavu aliyenata kwa tumbo, mdomo wazi kama aliyekuwa anaita watu. Nikatoka nje kutema mate.

Babu alikuwa amekaa kwenye stuli, anakunywa chai.

"Mchumba wangu, umeona nini huko?"

"Mjusi, Babu. Amekaukia ukutani."

"Na mchwa?"

"Mchwa sijaona."

"Haya," akasema, akarudi kwenye chai yake kama mtu aliyeshinda kesi.

Niliiangalia ile chai. Juu yake kulikuwa na duara la rangi rangi, lile lile unaloliona kwenye dimbwi la kituo cha mafuta. Vikombe vinakaa kwenye rafu, rafu iko chini ya dari, na dari inadondosha. Babu akapuliza duara likasogea pembeni, akanywa. Tangu siku hiyo nilikula maandazi ya dukani tu.

Mjomba Abdulaziz, kaka yake mama, ndiye alisimamia mauzo. Ana malori mawili na anapenda kusema "niachieni mimi." Asubuhi ya ukaguzi alikuja na chetezo, akafukiza udi kila chumba. Nilikuwa nimeamini duniani hakuna harufu mbaya kuliko ile ya kwanza, kumbe ilikuwa bado. Ilikuwa sasa gereji iliyokwenda harusini. Mama alifungua dirisha, Mjomba akalifunga.

Nilitegemea mkaguzi awe baba mwenye kitambi. Akaja dada mwembamba anaitwa Hilda, kavaa buti na koti zito, tochi kichwani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu ndani. Viatu usivue, sakafu inanata."

"Baba," Mjomba akasema kwa sauti ya chini.

Hilda alikagua meinswichi, akafungua soketi, akaandika. Hakusema mengi. Nilimfuata chumba hadi chumba nikimuuliza hiki ni nini na kile ni nini, naye alinijibu vizuri tu, hakunifukuza. Tulipofika vyumba vya nyuma akasimama akavuta pumzi, mara moja tu, uso ukajikunja.

"Humu mlikuwa mnalaza gari?"

"Hapana dada," Mjomba akawahi. "Ni gereji ya jirani. Upepo wa huku si unaujua."

Jirani yetu ni fundi cherehani.

Hilda akagusa ukuta kwa kidole, akakitazama kidole, akamgeukia Babu. "Mzee, hizi mbao ni za zamani sana. Imekuwaje mchwa hawajazila?"

Nilimwona Mjomba akifumba macho. Lilikuwa swali ambalo Babu alisubiri maisha yake yote aulizwe na mtu wa serikali au anayefanana naye. Akaweka kikombe chini, akanyooka. Akamweleza. Alianza na oili ya Scania na kwa nini ni bora kuliko ya Fuso, akaja kwenye brashi, akaja kwenye kupaka mara mbili mbili kwenye maungio. Akamshika mkono akampeleka kumwonyesha nguzo ya kona. "Hii nimeipaka kila mwaka. Kila mwaka, mwanangu. Piga, sikia. Mchwa gani ataingia hapa?"

"Na juu?" Hilda akauliza.

"Juu ndiyo nimepaka zaidi. Juu hakuonekani, mtu mvivu anaacha. Mimi siachi."

Hilda akaomba kisu. Akachonga kijiti kutoka ile nguzo, na kingine kutoka kwenye ubao mpya uliokuwa uani haujapakwa kitu. Tukatoka nje. Akaviweka kwenye makopo mawili ya maziwa, akawasha kiberiti. Kijiti cha ubao mpya kiliungua taratibu kama kijiti chochote. Cha nguzo ya Babu kilishika moto kabla hajakigusa vizuri. Kikatoa moshi mweusi mzito, kikawa kinadondosha matone, na matone yenyewe yanawaka chini ya kopo, bluu na njano, yanatoa sauti ya kukaanga. Moshi ulinipiga usoni. Ladha yake ilikaa ulimini mpaka kesho yake.

"Mbao yoyote inawaka," Babu akasema.

"Ndiyo mzee. Lakini hii haiwaki kama mbao." Hilda akamwaga maji kwenye makopo. "Nyaya zote zitoke, ni za zamani. Dari itoke. Na mbao zote zilizopakwa hiyo kitu zitoke, za ukutani na za juu. Kuosha hakusaidii, imeshazama. Zikibaki, sisi bima hatuandiki, na bila bima benki haitoi chochote. Nitarudi kukagua mwisho wa mwezi."

Alipoondoka, Mjomba alizunguka uani akishika kichwa.

"Baba, nani alikuuliza?"

"Yeye."

"Alikuuliza kama mchwa wapo. Unasema hawapo, unanyamaza. Wewe umempa mpaka historia ya Scania."

"Sasa nimwambie hawapo tu hivi hivi, kama bahati?"

Mama alicheka akageukia pembeni. Mimi sikucheka. Nilikuwa bado naangalia lile kopo. Oili iliyobaki ilikuwa inaelea juu ya maji, imejikusanya katikati kama jicho.

Kubadilisha paa zima na kuta za nyuma si kazi ndogo, na Mjomba hakuwa na mpango huo. Alimleta Benno, fundi seremala wa Matembwe, mtu wa maneno machache. "Kamwene," akasalimia, akatuambia tujifunge vitambaa puani, akapanda ngazi, akang'oa misumari ya dari ya chumba cha Babu na Bibi.

Dari haikushuka kidogo kidogo. Ilifunguka kama mdomo na kutapika yote kwa mpigo. Kilianguka kinyesi cha popo kilichochanganyika na oili kikawa uji mweusi. Yakafuata magunzi yaliyopelekwa na panya, pamba za godoro, kiota chenye vipanya vya rangi ya waridi visivyo na manyoya, vimelowa oili, vingine bado vinachezacheza. Akaanguka paka. Paka mzima, mkavu, bapa, meno nje, ngozi inang'aa kama kiatu kilichopakwa rangi. Na vyote hivyo vilitua juu ya kitanda. Kitanda cha Bibi. Mama alitoka mbio, nikamsikia anatapika nyuma ya tanki la maji.

Nyaya nazo zilining'inia. Nilimuuliza Benno kama naweza kugusa, akasema umeme umezimwa, gusa. Plastiki yake ilikuwa imevimba, laini, inabonyea kama bablish iliyotafunwa na kutupwa. Mahali pengine ilikuwa imeoza kabisa, shaba inaonekana, na shaba ilikuwa imelala moja kwa moja kwenye ubao unaovuja oili.

"Mlikuwa mnawasha taa humu?" Benno akaniuliza.

"Kila siku."

Akatikisa kichwa. Babu alisimama mlangoni na stuli yake mkononi, anaangalia juu. Sikumsikia akisema kitu kuhusu mchwa.

Mjomba akaja jioni, akaziba pua, akatoa maelekezo. Nyaya mpya zipigwe, hilo alikubali. Mbao hazitolewi. Zifunikwe na jipsam, yale mabamba meupe ya dari, juu na pembeni, zipakwe rangi nyeupe, pang'ae. "Huyo dada akirudi atakuta jipsam nyeupe. Atapanda wapi? Atachonga nini? Tutamwambia tumebadilisha." Akamgeukia Babu. "Na wewe siku hiyo hutakuwepo. Utakuwa Njombe unamsalimia mama."

"Hizo mbao zitakuwa humo humo ndani?" nikauliza.

"Wewe si uko likizo? Pumzika."

"Lakini Yunis atalala chini yake."

"Kwani Babu yako hakulala chini yake? Amekufa?"

Nilimwangalia Babu. Alikuwa anakwangua oili iliyoganda chini ya kucha zake kwa msumari. Simu yake ikalia, alikuwa Bibi. Akainuka, akaenda kusimama karibu na uzio, mgongo ametupa sisi, akaongea naye muda mrefu. Aliporudi akasema, "Fanyeni basi. Lakini mfanye haraka." Nilimhesabia hilo. Nalilinganisha na yale madereva wanayosema juu yake, na bado linanichefua.

Jipsam ikapigwa. Nikiri ilipendeza. Vyumba vilikuwa vyeupe kama vya hospitali, na mama akanunua hata pazia moja la maonyesho. Kwa siku mbili nilipumua. Siku ya tatu nikaona doa juu ya kichwa cha mlango, dogo, rangi ya chai ya rangi. Nikamwonyesha Benno, akapaka nyeupe juu yake. Kesho yake doa likawa limerudi na ndugu zake. Yalikuwa yanatoka kwenye mistari ya misumari, ya njano pembeni na kahawia katikati, yanatanuka polepole, yana unyevu. Umewahi kuona bandeji iliyofungwa kwenye kidonda ambacho hakijasafishwa? Ndiyo hivyo. Nyumba nzima ilikuwa inatoka usaha. Mjomba akaleta rangi ya mafuta, ile nzito, wakapaka mara mbili. Madoa yakapanda juu yake na kung'aa.

Wiki moja kabla ya Hilda kurudi, Yunis akaja. Hakuwa ameitwa, alikuwa ametoka zamu ya usiku, bado na sare yake chini ya sweta, macho mekundu, ana furaha. Alileta dagaa wa ziwani wamefungwa kwenye gazeti.

"Shikamoo Babu. Nimeona nipite tu nipime madirisha, nianze kushona mapazia. Si mnaniruhusu?"

"Marahaba. Pita, nyumba yako."

Alipita chumba kwa chumba akipima kwa kamba na kuhesabu kwa mdomo. Mimi nilimshikia ncha ya kamba. Mjomba alitufuata akimsifia nyaya mpya. Tulipofika chumba cha nyuma Yunis akainua macho.

"Hayo madoa? Bati linavuja?"

Mjomba akafungua mdomo, lakini Babu, aliyekuwa mlangoni, akamtangulia. "Ni umande tu, mwanangu," alisema. "Njombe yote na Makambako, asubuhi ni umande."

Alisema vizuri, kwa upole, kama babu yeyote. Afadhali yule paka mkavu aliyeanguka darini.

"Kweli, baridi ya huku si mchezo," Yunis akasema. "Sisi ziwani hatuijui. Sasa humu nitawaweka watoto wote watatu, walale pamoja wapashane joto. Na usiku nitawawekea jiko la mkaa hapa katikati, likishaacha moshi. Likae mpaka asubuhi, dirisha nitaliacha wazi kidogo."

Alionyesha kwa kiatu mahali lile jiko litakapokaa. Babu akapatazama pale chini. Kisha akainua macho juu, mahali doa kubwa kuliko yote lilipokuwa, halafu akarudi chini tena. Mara mbili. Mjomba akasema, "Au tuangalie jiko la kupikia, dada."

"Humu usiwashe kitu," Babu akasema.

"Mkaa tu, Babu. Si kuni."

"Hata kiberiti usiwashe. Benno, lete nyundo."

"Baba," Mjomba akasema.

"Lete nyundo."

Benno akaleta, na Babu hakumpa mtu. Alipanda mwenyewe kwenye stuli, mzee yule na umri wake, akapiga jipsam pale kwenye doa. Kipande kikadondoka miguuni pa Yunis, upande wa ndani umelowa mweusi kama sufuria. Juu zikaonekana kenchi, zinameta. Tone moja likashuka taratibu, likaning'inia, likamwangukia Yunis kwenye bega la sweta.

"Huu si umande, ni oili ya malori," Babu akasema kutoka juu ya stuli. "Nimeipaka mimi, kila mwaka. Mtu wa bima alisema zote zitolewe, sisi tumezifunika. Nimekudanganya."

Yunis aligusa bega lake, akanusa vidole. Nilidhani atamshukuru. Kwenye hadithi wanashukuru. Yeye alimwangalia Babu kama alivyoangalia vidole vyake, kisha akamwangalia mama, akamalizia na mimi niliyemshikia kamba.

"Mlikuwa mnajua wote," alisema. "Na huyu binti pia. Mnanipimisha madirisha."

Akavuta kamba yake mkononi mwangu, akaikunja, akatoka. Dagaa wake aliwaacha mezani. Hakuna aliyeweza kuwala, wakaoza, tukawatupa.

Mjomba alisema maneno ambayo siyaandiki. Alisema Babu anajali mchwa kuliko watoto wake, kwamba dada wa watu kaharibiwa usingizi bure, kwamba mteja kama yule hapatikani tena. La mwisho lilikuwa kweli. Babu alimsikiliza mpaka mwisho, akashuka kwenye stuli, akamwambia Benno kesho waanze kuezua.

Waliezua nyumba yote. Bati likashushwa, kenchi zikafuata, na kuta za nyuma zikaangushwa. Watu wa tanuru la matofali wakaja kuomba zile mbao, Babu akawapa bure kwa sharti kwamba hata moja isijengewe, na akaenda nao ili ahakikishe. Nilikwenda naye. Walipotia ya kwanza kwenye mdomo wa tanuru, haikuwaka, ililipuka. Moto ulitoka nje ukawarudisha watu nyuma, moshi ukawa mweusi na mnene, ukalala juu ya mashamba ya mahindi yaliyovunwa, masizi yakatudondokea kichwani kama mvua yenye mafuta. Vijana wa tanuru walishangilia. Babu hakushangilia. Alisimama mpaka ya mwisho ikaisha, kisha akaenda kichakani nikamsikia anakohoa na kutema, kukohoa na kutema.

"Nilikuwa naweka mkono wangu juu ya kichwa chake akilala," alisema aliporudi. Alikuwa anamaanisha Bibi. "Na hiki kitu kiko juu."

Hilda alikuja siku aliyosema angekuja, akakuta kuta nne za mbele na mbingu. Akasema sasa hapa hakuna cha kuwekea bima, akamwamkia Babu tena kana kwamba ndiyo kwanza anamwona, akaondoka. Yunis hakurudi. Nilisikia amepata nyumba ya tofali upande wa pili wa reli, ndogo, bima imeandikwa. Kiwanja cha Babu na zile kuta kilikuja kununuliwa na mwenye malori aliyetaka mahali pa kulaza magari yake. Alilipa taslimu, hakuuliza habari za bima, na alilipa kama mtu anayejua hakuna mwingine. Kijumba cha Njombe kikawa hakiwezekani tena.

Babu alikuja kwetu Jumapili mchana na begi moja. Nguo nyingine zote alikuwa amezichoma. Baba yangu alimpokea mlangoni, wakaulizana habari za safari kwa muda mrefu kuliko safari yenyewe, kila mmoja anaangalia ukuta. Mama alikuwa ametandika chumba cha nyuma. Babu akapita kichwa chini, kwa haraka, kama mtu anayekatiza msikitini mbele ya wanaosali.

Nilipeleka maji ya kunywa. Bibi Esha alikuwa amekaa kitandani, miguu ameifunika blanketi. Babu alisimama, hakukaa, na begi lake mkononi. Mjomba alikuwa ameshapiga simu akaeleza upande wake, kwa hiyo Bibi alijua mengi.

"Huyo binti wa watu," Bibi akamuuliza, "ulimwambia ukweli mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Tangu mwanzo?"

Babu akaweka begi chini. Niliona kwamba angeweza kusema ndiyo. Mimi nilikuwepo, lakini mimi ni mjukuu tu, nisingesema.

"Hapana," alisema. "Mwanzo nilimwambia ni umande. Alipotaja jiko la watoto ndiyo nikasema."

Bibi alisonya, sonyo refu kabisa, uso umekunjamana kama aliyeng'ata kitu kibichi. Alimwangalia kutoka miguuni mpaka kofia. Nikadhani atamwambia arudi alikotoka.

Kisha akasogea ukutani, akampisha mahali.